Kabla ya Kuwahamisha Wachuuzi, Hesabuni Miguu

Shangazi yangu ameuza viazi karai na bajia karibu na Marikiti tangu mimi nikivaa kaptula ya shule. Mahali pake palikuwa ubavuni mwa ukuta, hatua chache kutoka Digo Road, wala hapakuwa na kibanda: meza, karai, jiko la makaa na ndoo ya ukwaju, basi. Biashara hiyo imesomesha watoto wanne. Kisha yeye na wenzake wakaambiwa njia inatakiwa iwe wazi, wahamie soko jipya lililojengwa mitaa michache kutoka hapo.

Sitasema soko lile ni baya. Lina paa, lina maji, lina vyoo, na sakafu yake haishiki matope masika yakianza. Lakini miezi mitatu baadaye nilimkuta shangazi amerudi pale ukutani, safari hii bila meza, ana ndoo moja ya bajia iliyofunikwa kwa leso, jicho moja kwa mteja na jingine kwa askari. Nikamuuliza, "Shangazi, si mlipewa nafasi kule?" Akanijibu, "Nafasi tulipewa, mwanangu. Watu hatukupewa."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nikahudhuria kikao ambacho wachuuzi walieleza shida hiyo hiyo, na afisa mmoja, kwa adabu kabisa, akasema hayo ni maneno tu. Kila mchuuzi atadai mahali pake pa zamani palikuwa na watu zaidi. Yeye anataka ushahidi. Wachuuzi walinung'unika, lakini mimi sikukasirika. Diploma yangu ni ya uhasibu, na najua dai lisilo na tarakimu haliendi mbali mbele ya kamati. Nilichojiuliza njiani nikirudi nyumbani ni hiki: tarakimu za watu wanaotembea kwa miguu hupatikana vipi? Magari huhesabiwa. Meli bandarini zinahesabiwa hadi kontena la mwisho. Mama anayetoka Likoni na kikapu chake, akavuka feri, akapanda matatu hadi mjini, akapita Biashara Street kutazama leso na kumalizia Marikiti kununua viungo, huyo nani anamwandika?

Aliyenifungua macho ni binti wa dada yangu, anayesomea mipango ya miji. Alikuja nyumbani na tarakilishi yake akaniambia, "Mjomba, hili jambo lina programu yake, na ni ya bure." Programu hiyo inaitwa QGIS. Aliyeianzisha ni Mmarekani kwa jina Gary Sherman, mwaka 2002, na tangu hapo imekuwa ikitengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Hulipi leseni wala huombi ruhusa. Unaipakua, unaifungua, unaanza.

Ndugu msomaji ambaye hujawahi kuiona, ifikirie hivi. Chukua karatasi nyembamba za kupitisha mwanga, zile ambazo fundi cherehani hutumia kunakili mashono. Karatasi ya kwanza umechora njia za mji, ya pili majengo, ya tatu umetia nukta kila penye mchuuzi, ya nne vituo vya matatu. Ukizipanga moja juu ya nyingine unaona zote kwa pamoja, na ukitaka kuondoa moja unaiondoa bila kuharibu nyingine. Kila karatasi huitwa tabaka. Tofauti na karatasi za fundi ni kwamba kila nukta na kila mstari hapa una jedwali nyuma yake. Ukibofya mstari wa njia, jedwali linakwambia jina lake, urefu wake, na chochote ulichoandika wewe. Kwa mhasibu kama mimi hapo ndipo woga uliponitoka, kwa sababu nilitambua kwamba ramani ni daftari la hesabu lililovaa nguo nyingine.

Ramani ya msingi hatukuichora sisi. Tuliitoa OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa na Mwingereza Steve Coast mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuiongeza na kuisahihisha. Wakenya tuna historia nayo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS wakauchora wenyewe katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo ramani rasmi zilikuwa karibu tupu mahali penye maelfu kwa maelfu ya watu. Kwa hivyo hili si jambo la Ulaya tulilolishushia forodhani juzi.

Lakini ramani haihesabu watu. Hilo lilinichukua muda kulielewa, na nadhani wengi hukosea hapo. Programu haina macho ya kuona nani anapita Biashara Street. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye kalamu amesimama juani.

Njia tuliyotumia ni ya zamani na ni rahisi. Unachagua sehemu kadhaa katika njia mbalimbali, na kila sehemu unavuta mstari wa kufikirika kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule. Huo unaitwa lango. Unasimama pembeni na kuhesabu kila anayeuvuka kwa dakika tano. Kisha unakwenda lango la pili, la tatu, mpaka umalize mzunguko, na baadaye unarudia mzunguko huo huo saa nyingine za siku. Tuseme umehesabu watu 40 kwa dakika 5. Hiyo ni sawa na watu 480 kwa saa. Dakika tano zaonekana chache, ila ukizirudia asubuhi, adhuhuri, alasiri na jioni, kwa siku mbalimbali, picha inaanza kutulia. Kinachoharibu kazi ni kuhesabu lango moja asubuhi na jingine jioni halafu ukayalinganisha kana kwamba ni saa moja.

Mji uliojulikana sana kwa kazi hii ni Copenhagen, Denmark. Mwaka 1962 walifunga njia yao kuu ya maduka, Strøget, magari yasipite. Wenye maduka walilia kwamba biashara imekufa. Msanifu majengo Jan Gehl alianza miaka hiyo ya sitini kuhesabu watu barabarani: wanaopita, waliosimama, walioketi. Hesabu zikaendelea mwaka baada ya mwaka, na njia ya miguu ikabaki mpaka leo. Nilimsimulia shangazi akacheka akasema, huko walihesabu kabla ya kugombana?

Sisi huku tuligombana kwanza. Siku ya kwanza ya kuhesabu, mimi na mpwa wangu na vijana wawili wa mtaa tulisimama na vibao vya kuandikia, na ndani ya nusu saa habari zilikuwa zimeenea kwamba watu wa ushuru wameingia. Duka moja likafunga mlango nusu. Mzee mmoja wa vitambaa alitoka akaniuliza kwa upole wa hatari, "Unaandika nini, bwana?" Nikamwonyesha karatasi: alama za vijiti vitano vitano, hakuna jina la mtu wala la duka. Akaniambia nihamie upande wa pili, kwa sababu wateja wake hupita upande wenye kivuli na mimi nimesimama juani nikihesabu upande mtupu. Nilimshukuru. Alikuwa sahihi kabisa.

Kivuli kilitufundisha mengi. Katika vitabu nilivyosoma baadaye, watu hutembea kufuata umbali mfupi na maduka mazuri. Katika mji wetu, kuanzia saa nne asubuhi, mtu hutembea kufuata kivuli. Ataongeza hatua thelathini ili apite chini ya veranda. Jua likihama, umati unavuka njia. Kwa hiyo tuligawa kila lango nusu mbili, upande huu na upande ule, na tukaandika kama pana kivuli au hapana. Safu hiyo moja ya ziada katika jedwali ilitufaa kuliko nyingine zote.

Saa za swala nazo usizisahau. Mtu wa bara akija kuhesabu Ijumaa saa saba mchana atadhani mji umehamwa, na akihesabu saa nane kasoro akiwa karibu na msikiti atadhani pana maandamano. Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo kabisa: mchana watu hupungua mwendo, na baada ya tarawehe Biashara Street hujaa akina mama na watoto wanaotafuta nguo za Idi hata huoni lami. Hesabu ya mwezi huo ni ya kweli, lakini ni ya mwezi huo. Tuliweka siku za kawaida peke yake, na siku za msimu peke yake.

Baada ya kuhesabu ndipo programu ilipoanza kula kazi. Kila lango tulilipa namba, tukaingiza hesabu katika jedwali, na QGIS ikaunganisha jedwali hilo na nukta za ramani kwa kufuata namba. Kisha unaiambia: chora kila njia kwa unene kulingana na watu waliopita. Palepale mji unabadilika. Njia ambazo umezizoea kwa upana wake zinakuja kwa uzito wake. Kichochoro ambacho tuktuk haipiti kinatoka kinene kama mshipa mkubwa wa damu, na barabara pana iliyo na taa inatoka uzi.

Nitaje makosa mawili tuliyofanya, huenda yakamwokoa kijana atakayejaribu. La kwanza, nilipima urefu wa njia nikapata tarakimu za ajabu, sifuri nukta sifuri sifuri. Kumbe ramani ilikuwa katika digrii za longitudo na latitudo, na digrii si mita. Mombasa iko katika ukanda wa 37 Kusini wa mfumo uitwao UTM. Ukiibadilisha ramani iende huko, mita zinarudi. La pili lilituchelewesha siku mbili. Katika ramani, vichochoro viwili vilionekana kukutana, lakini mistari yake haikugusana. Palikuwa na pengo dogo lisiloonekana kwa macho. Programu ikadhani hakuna njia, ikawazungusha watu wake wa kufikirika mbali kabisa. Na vichochoro vingine havikuwamo kabisa. Tulivijaza wenyewe kwa miguu, kwa sababu GPS ya simu katikati ya kuta ndefu na karibu hupotea: mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla ya kukufikia, na simu inakuweka ndani ya nyumba ya watu.

Sasa nije penye kiini cha jambo. Kwa nini watu wapite hapa na wasipite pale? Jibu la haraka ni kwamba wanafuata maduka. Profesa Bill Hillier wa University College London, aliyeandika kitabu na Julienne Hanson mwaka 1984 kuhusu jambo hili, alilipindua. Alisema mpangilio wa njia zenyewe ndio unaogawa watu kwanza. Kuna njia ambazo, utoke popote uende popote, utajikuta umezipita, kwa sababu ziko katikati ya safari nyingi. Maduka hufuata miguu hiyo, na yakishakusanyika yanavuta miguu zaidi. Yaani mchuuzi mwenye akili hachagui mahali, anachaguliwa mahali na mji.

Programu inaweza kulipima hilo. Unaiambia ichukue kila kona ya mji na kila kona nyingine, itafute njia fupi kati ya kila jozi, kisha ihesabu kila kipande cha njia kimetumika mara ngapi. Kipande kilichotumika mara nyingi ndicho kiungo cha mji. Kuna programu ya bure inayoitwa depthmapX iliyotokana na kazi ya chuo hicho hicho, na kuna kijiprogramu cha kuongeza ndani ya QGIS kinachofanana nayo. London walipoutengeneza upya uwanja wa Trafalgar Square, kazi iliyomalizika mwaka 2003, uchunguzi wa namna hii ulionyesha kwamba wenyeji walikuwa wakiukwepa katikati na kupita kandokando. Ngazi kubwa ikajengwa upande wa kaskazini mbele ya jumba la picha, watu wakaanza kupita kati.

Tulipoliweka soko jipya katika ramani yetu, nilinyamaza kidogo. Soko lina lango moja. Lango hilo linatazama njia isiyotokea popote. Ukuta wake wa nyuma, mzima mzima bila tundu, umepakana na kichochoro ambacho katika hesabu zetu kilikuwa miongoni mwa vile vinene. Watu wanapita mgongoni mwa soko kutwa nzima, wanasikia sauti za ndani, na hawawezi kuingia bila kuzunguka. Shangazi hakuhitaji programu kujua kwamba hakuna miguu. Lakini programu ilitupa kitu ambacho yeye hakuwa nacho: tuliweza kuchora mlango katika ukuta ule, mstari mmoja mfupi tu, na kuiambia ihesabu upya. Njia ya ndani ya soko, iliyokuwa mwisho wa safari, ikageuka njia ya mkato kati ya kichochoro na mtaa wa mbele. Rangi yake ikapanda palepale kwenye kioo. Mpwa wangu akapiga kofi mezani.

Hapa nataka kujizuia, maana furaha ya ramani hulevya. Hesabu ile ya programu ni ya watu wa kufikirika wanaopenda njia fupi. Haijui jua, haijui maji machafu yaliyotuama, haijui kwamba kona fulani wanawake hawaipiti baada ya magharibi. Hayo tuliyapata kwa kuuliza. Ndiyo maana tulihesabu watu halisi kwanza, tukalinganisha na makisio ya programu, na penye tofauti tukaenda kutazama kwa nini. Mara nyingi tofauti ilikuwa na maana kuliko ulinganifu.

Tena, mpita njia si mteja. Penye feri Likoni watu humiminika kama maji, lakini wana haraka; pale huuzika njugu, maji baridi, kitu cha kunyakua ukitembea. Leso huuzwa kwa mtu aliyesimama, akaifungua, akasoma jina lake, akaipeleka kwenye mwanga, akaomba apunguziwe. Kwa hiyo tulitengeneza tabaka la pili: nukta kwa kila mtu aliyesimama au kuketi, tulizotia kwa kupita njia nzima mara moja na kuandika tulichoona wakati huo. Kwa nukta hizo ndipo inafaa ile ramani ya rangi inayowaka penye msongamano. Kwa watu wanaotembea usiitumie, itakudanganya.

Wapo watakaouliza, kwa nini kusumbuka juani wakati simu zinajua tulipo? Kweli, Google hukuonyesha saa ambazo duka hujaa, na taarifa hizo hutoka katika simu za watu. Lakini mama wa kikapu ana simu ya vitufe, hamali wa mkokoteni kaiacha yake nyumbani, na ramani ya simu haiwaoni. Ukipanga soko kwa kufuata simu kubwa, utawapangia wenye simu kubwa. Halafu kuna suala la siri za watu. Mwaka 2018 dunia iligundua kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, ya mahali watu wanapofanyia mazoezi, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi. Kama askari walifichuliwa, sembuse sisi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria ni aibu kumfuata mtu nyuma ukichora alipopita bila yeye kujua. Vijana wetu niliwakataza. Tulihesabu vichwa, hatukuandika sura.

Gharama yote ilikuwa chai, maji, nauli na nakala za karatasi. Niliwahi kuona zabuni za tafiti zenye sifuri nyingi ambazo matokeo yake hayakuwa na hata hesabu ya siku moja, na ninasema hivyo nikiwa mhasibu.

Ramani tuliipeleka ofisini: kurasa tatu, moja ya hesabu, moja ya wanaosimama, moja yenye ule mlango uliochorwa kwa wino mwekundu. Afisa aliyetaka ushahidi aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliuliza swali la maana, kwamba mlango wa nyuma utahitaji taa na mlinzi, nani atalipa? Mwenyekiti wa wachuuzi akajibu kwamba wakipata wateja watachanga. Barua yetu ikapigwa muhuri wa kupokewa, tukaambiwa fundi atakuja kuupima ukuta.

Fundi amekuja mara moja. Amepima, ameandika, ameondoka. Shangazi bado yuko ubavuni mwa ukuta wake na ndoo, lakini amelipia nafasi yake sokoni kwa mwezi mwingine, isije ikachukuliwa na mtu kabla mlango haujafunguliwa.